Watoto wa Kiislamu kwa masista: mpaka uko wapi, na nani anaulinda?

Bint Pangani (mleta uzi)

Asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wengine wote habari za jioni wanajukwaa.

Kwenye kundi letu la wazazi mama mmoja aliuliza sekondari nzuri ya bweni ya wasichana. Watu wakamtajia shule za masista, tena wengi wa waliozitaja ni Waislamu wenzangu. Hapo hapo ustadhi mmoja akasema hiyo ni kumkabidhi paka samaki. Kundi likawaka moto, mwenye kundi akafunga mjadala. Nimeuhamishia huku ambako hakuna wa kutufungia.

Niseme kabisa nilikosimama. Mimi ni Muislamu, masista wamenifundisha tangu chekechea mpaka kidato cha nne, na binti yangu yuko kwao sasa hivi. Naswali, nafunga, na juzuu nilihitimu kwenye madrasa ya mtaani kwetu jioni kama watoto wengine. Siwapigii debe masista. Hoja yangu ni moja: sisi watu wa pwani tumekaa nao miaka yote hii kwa sababu kulikuwa na mpaka unaojulikana na pande zote mbili. Watu husema "masista ni wapole, wana nidhamu." Upole gani? Waliopita mikononi mwao wanajua fimbo zao. Tuliwaamini kwa sababu ya ule mpaka, na shule ikiuvunja haina tena cha kutuuzia.

Kidogo historia, maana wengi wanadhani masista waliletwa na Mjerumani. Masista wa kwanza huku kwetu walishuka Unguja mwaka 1860, enzi za Sayyid Majid, wakati Mjerumani hajaota hata kuja. Walikuwa Mabinti wa Maria, wametoka kisiwa cha Réunion pamoja na padri mmoja anaitwa Fava. Shirika lao lilianzishwa huko mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya Wafaransa kufuta utumwa kisiwani, na ndani yake walikaa wanawake wa Kizungu na wanawake weusi waliotoka utumwani, vazi moja, nadhiri zile zile. Kwa zama zile hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa fikiria mji waliofikia. Mtawala Muislamu, makadhi, wafanyabiashara wa Kihindi wa dini zao, mahekalu na misikiti. Hawakuwa na jeshi nyuma yao. Wangemuudhi Sultani wangefungasha virago. Kwa hiyo wakatibu wagonjwa na kufundisha, na mtoto wa watu hawakumgusa kwenye dini ya wazazi wake. Waliobatizwa zaidi ni watoto waliokombolewa utumwani, wale ambao hawakuwa na mzazi wa kuulizwa, na baadaye kijiji cha Bagamoyo kilichoanza 1868 kilijaa watu wa namna hiyo. Hilo lina mjadala wake na silifichi.

Mpaka wenyewe nilivyoukuta mimi: pale shuleni kengele ya Malaika wa Bwana ilipigwa saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Masista wakisimama kusali, sisi wasichana wa Kiislamu tulishaizoea kuwa ndiyo ishara ya kwenda kutawadha, maana adhuhuri na magharibi haziko mbali na hapo. Hakuna aliyetupangia hivyo, ilitokea tu. Na jikoni, kuku hawakuchinjwa mpaka mzee mlinzi, Muislamu, aitwe kutoka getini. Sista wa jikoni alikuwa mkali kwa hilo kuliko sisi. Siku mzee akichelewa, wote tunakula maharage, Wakristo kwa Waislamu. Kelele zilikuwa kwa Wakristo, si kwetu.

Karibuni. Hoja ijibiwe kwa hoja, matusi peleka jukwaa la siasa.

Kigoda cha Babu

Mjukuu wangu, umeandika vizuri lakini unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Historia umeikata pale inapopendeza. Umesimama 1860, ukaruka.

Mwaka 1888 Wabenediktini wa Kijerumani walifika Pugu, mabruda na masista. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ile ilishambuliwa, wakauawa mabruda na sista mmoja. Mwaka 1905, Maji Maji, askofu Cassian Spiss aliuawa njiani kuelekea Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kwa nini? Kwa sababu machoni pa watu wa Kusini wakati ule, msalaba na bendera ya Kaisari vilikuwa kitu kimoja. Sisemi ilikuwa haki kumuua sista. Nasema usituambie huko kuwaamini masista kulikuwepo siku zote.

Pili, shule. Mkoloni aliwaachia wamisionari sehemu kubwa ya kazi ya kusomesha. Matokeo yake, tulipopata uhuru, Waislamu walikuwa nyuma kwenye elimu kwa mbali sana, na sababu mojawapo ni mzee kukataa kumpeleka mtoto shule ambako angeambiwa abadili jina. Babu yangu mwenyewe alikataa. Ndiyo maana Nyerere, Mkatoliki wa kwenda misa, akapitisha sheria ya 1969 na shule za misheni zikataifishwa. Marian College ya Morogoro, ya masista wa Maryknoll kutoka Marekani, ikawa Kilakala. Masista wa St. Joseph pale Dar wakaona shule yao inaitwa Forodhani. Ule ndio ulikuwa mpaka wa kweli: shule ya serikali, dini ina kipindi chake, kila mtu na mwalimu wake.

Tatu, mwaka 1992 serikali hiyo hiyo ikasaini Makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo kuhusu huduma za jamii. Waislamu wanalalamikia jambo hilo mpaka leo. Hospitali teule na shule zinapata ruzuku yetu sote, halafu mnaniambia ni sadaka ya masista.

Nesi wa Kusini

Shikamoo mzee Kigoda. La Maji Maji umesema kweli na huku kwetu halisahauliki. Ila na wewe umeikata hadithi pale panapokufaa. Baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuchomwa, Wabenediktini hao walianza upya Ndanda mwaka 1906, katikati ya Waislamu. Wangeweza kurudi kwao, wakabaki. Hospitali ya Ndanda imetibu mikoa ya Lindi na Mtwara kwa vizazi, na ukipita wodini majina ni Mohamedi, Somoe, Hawa, Fatu. Wagonjwa wa ukoma, ambao hata ndugu zao waliwakimbia, waliuguzwa pale.

Mimi ni Mkatoliki na nimefanya kazi chini ya masista, hospitali ambayo sitaitaja. Nikueleze inavyokwenda. Mgonjwa wa Kiislamu akizidiwa, tuliagizwa kuwauliza ndugu kama wanataka kumleta shehe, na pazia linavutwa wasome Yasini kwa nafasi. Akifariki, mwili hauoshwi na sisi, tunawapisha wenyewe. Dada mpya alimwekea marehemu rozari mkononi kwa mazoea. Sista mkuu wa wodi aliitoa kabla ndugu hawajaingia, akamwita pembeni. Hakupiga kelele, lakini yule dada alitoka anatetemeka.

Na kwa wanaosema masista wapo kwa ajili ya kubatiza tu, naomba mtafute habari za Sista Leonella Sgorbati wa Shirika la Konsolata. Muitaliano, alifika Kenya 1970, akafundisha wauguzi Nkubu kule Meru. Baadaye akaenda Mogadishu kuanzisha chuo cha uuguzi ndani ya hospitali ya watoto. Mogadishu! Unambatiza nani Mogadishu? Wanafunzi wake wote Waislamu, na kundi la kwanza lilihitimu 2006. Tarehe 17 Septemba mwaka huo huo alipigwa risasi akitoka darasani kuvuka barabara kwenda nyumbani. Aliyekufa naye ni mlinzi wake, Mohamed Mahamud, Muislamu, baba wa watoto. Waliokuwepo walisema maneno ya mwisho ya sista yalikuwa "nasamehe, nasamehe". Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 2018. Ila kila nikisoma habari hii ninayemuwaza zaidi ni Mohamed. Alijua hatari na akaenda kazini.

Chapati Mbili

Mnisamehe wakuu, swali la kijinga. Hawa masista si wana nadhiri ya ufukara? Sasa mbona ada zao zinatuua? Na je wanalipwa mshahara?

Aliyetoka Novisiati

Siyo swali la kijinga, Chapati. Nilikuwa huko ndani, nikatoka kwa amani kabla ya nadhiri. (Ndiyo, mtu anaruhusiwa kutoka. Unaanza aspiranti, unakuwa postulanti, unaingia novisiati, zote hizo ni hatua za malezi ya usista, halafu nadhiri za muda unazorudia rudia miaka kadhaa, ndipo nadhiri za daima. Milango mingi ya kutokea kabla ya wa mwisho kufungwa.)

Nadhiri ya ufukara inamhusu sista mwenyewe. Hana akaunti yake, hana shamba lake. Akiwa mwalimu wa serikali au nesi, mshahara unaingia shirika, naye anapewa cha matumizi. Nauli ya kwenda msibani kwao anaiomba. Shule ni kitu kingine. Shule ina walimu walei, yaani wasio watawa, wanaolipwa mshahara na makato yao yote, ina umeme, ina basi bovu. Zamani fedha zilitoka Ulaya, kule masista sasa ni wazee na hakuna wapya, ule mfereji umekauka. Mashirika ya hapa, kama masista wa Moyo Safi wa Maria wa Mgolole Morogoro au wale wa Mama Yetu wa Usambara kule Lushoto, yanajitegemea kwa shule, zahanati, mashamba na mifugo.

Lakini nakubaliana na malalamiko yako kwa namna nyingine. Shule ikishakuwa ya ada kubwa, wanaoingia ni watoto wa wenye nacho, Wakristo kwa Waislamu. Yule mtoto wa mvuvi ambaye masista wa zamani walimfuata mwenyewe hayupo tena darasani. Ndani ya mashirika hilo linasemwa sana, na linawauma.

Baba Shadya

Nimesubiri watu wa historia wamalize. Mimi nina kisa cha juzi juzi.

Binti yangu alichaguliwa shule ya masista, mkoa nauacha. Kwenye usaili tuliambiwa "tunapokea dini zote". Kweli walimpokea. Alipofika akakuta misa ya Jumapili na ya asubuhi katikati ya wiki ni lazima kwa wote, asiyekwenda anaandikwa kama mtoro. Hijabu hapana, hata bwenini. Ramadhani akaambiwa anayetaka kufunga afunge, ila daku hakuna na jiko halifunguliwi alfajiri. Mtoto akafunga kwa maji na biskuti za kujificha mpaka akaishiwa nguvu darasani. Nilipokwenda kuuliza, nikaoneshwa sahihi yangu kwenye fomu: "mzazi anakubali taratibu zote za shule". Taratibu zenyewe hazikuandikwa popote.

Sikutukana mtu. Nilimhamisha. Ada ya muhula haikurudi.

Kwa hiyo dada Bint Pangani, mpaka unaousema upo shule moja, shule ya pili haupo, unategemea sista mkuu ni nani mwaka huo. Hapo mimi sina raha.

Bint Pangani

Pole sana baba Shadya, na nashukuru hukuitaja shule, tusigeuze uzi kuwa mahakama.

Ulichofanyiwa hakiendani na Katiba yetu, ibara ya 19, inayompa kila mtu uhuru wa imani. Na hakiendani na Kanisa lenyewe, na hili wazazi wengi wa Kiislamu hatulijui. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, Oktoba 1965, ulitoa tamko kuhusu dini nyingine ambalo linawataja Waislamu kwa heshima kabisa, kuwa wanamwabudu Mungu mmoja. Desemba mwaka huo ukatoa lingine juu ya uhuru wa dini. Halafu sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 748, inasema si halali kamwe kumshurutisha mtu aipokee imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Na Februari 2019, Papa Fransisko alikaa Abu Dhabi na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, wakatia sahihi hati ya udugu wa kibinadamu.

Mwalimu mkuu akikuambia "hii ni shule ya Kanisa", hiyo ndiyo sababu ya kumtajia kanuni za Kanisa lake. Hajibiki kwa aya za Qurani, lakini kwa hizo anajibika.

Mzee Kigoda, ya 1992 sina la kupinga. Fedha ya umma ikiingia, haki ya kuuliza inaingia nayo. Ila swali langu kwako: shule zilipotaifishwa, kipindi cha dini kilikuwepo kwenye ratiba, je, mwalimu wa dini yetu alikuwa anafika? Shuleni kwa dada yangu, serikali tupu, kipindi kilifika padri na mchungaji, Waislamu wakakaa chini ya mwembe kusubiri ustadhi ambaye haji. Kwa masista walau sista aliandika barua msikitini kulalamika kwamba ustadhi hafiki.

Kigoda cha Babu

Hahaha. Hapo umenishika, mjukuu. Ustadhi hafiki kwa sababu hakuna anayemlipa nauli. Lakini ni aibu yetu, si sifa ya masista.

Mvita Original

Niwachangamshe kutoka Mombasa. Kwetu Kenya mambo yana sura tofauti kidogo, manake shule nyingi za misheni ni za serikali, kanisa ni mdhamini tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini nafasi ya kulea mambo ya kiroho, lakini ikamfunga papo hapo: alinde imani ya wasiokuwa wa dhehebu lake. Maneno mazuri kwenye karatasi.

Kisha ikaja kesi ya hijabu ya shule moja Isiolo iliyodhaminiwa na Wamethodisti. Si Wakatoliki, lakini ilituhusu sote. Mahakama ya Rufaa mwaka 2016 ikawaruhusu wasichana kuvaa. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitupilia mbali hukumu ile, hoja kubwa ikiwa namna dai lilivyoletwa kortini. Kwa hivyo mpaka leo kila shule yajipimia. Kuna za masista ambako wasichana wetu wavaa mitandio myeupe kama shela za masista wenyewe. Waziri akija haoni tofauti kwa mbali, nani sista nani Mwanaidi!

Sabato Njema

Mnajadili Waislamu tu, na sisi je? Mimi Msabato, nilisoma kwa masista. Misa haikunisumbua kama usafi wa Jumamosi. Ijumaa jua likizama kwetu kazi imekwisha, na shule nzima inafyeka nyasi kesho yake asubuhi. Kilichonisaidia ni sista wa bweni, alinipangia kufyeka Jumapili mchana peke yangu wakati wenzangu wanacheza. Niliona ananikomoa. Sasa naona alikuwa amepata njia ya kutobadilisha ratiba yake wala imani yangu. Walokole ndio walipata tabu kweli, kukesha kwa kelele bwenini kulipigwa marufuku kabisa!

Mama Twins Tanga

Mimi ndiye mama niliyeuliza kule kundini, kumbe nimezua balaa. Nimesoma yote. Naomba basi mniambie, nikienda kuangalia shule nimuulize nani na niulize nini? Mkuu wa shule kila mahali anajibu vizuri.

Aliyetoka Novisiati

Mama Twins, usimuulize mkuu wa shule. Muulize matroni wa bweni na mpishi. Mwambie matroni akuoneshe wanaposwalia: kama kuna chumba na mikeka yenye vumbi la kutumika, sawa. Akianza kusema "huwa tunawatafutia nafasi", ujue hakipo. Mpishi muulize Ramadhani iliyopita daku ililiwa saa ngapi na nani aliamka kupika. Mtu aliyeamka saa tisa za usiku mwezi mzima hasahau, atakutajia na majina ya masufuria. Na nani anachinja.

Baba Shadya

Ongezea: waombe waandike kwenye fomu. Misa ni hiari au lazima, mtandio unaruhusiwa au hapana, kipindi cha dini anafundisha nani. Wakikataa kuandika, jibu umeshapata, weka hela yako mfukoni.

Bint Pangani

Na utembelee siku ya Ijumaa, mama. Fika kama saa sita na nusu mchana, ukae kwenye benchi la wageni uangalie wasichana wanaelekea wapi. Ya kwetu wanatoka na mwalimu mmoja mpaka msikiti wa jirani, wanarudi saa nane kasoro wakiwa na njaa, na chakula chao kimefunikwa. Nitakutumia jina la shule pembeni, hapa hadharani hapana, wasije wakasema nimelipwa.